Vita vya Kisukari Vyaanzia Jikoni

Mtu akivunjika mguu, kijiji kizima hupata habari. Akishikwa na homa ya malaria, hutetemeka mbele ya macho ya jamaa zake, na kabla jua halijachwa huwa amekwisha kufikishwa kituoni. Lakini yako maradhi yaingiayo nyumbani bila ya kupiga hodi. Mtu hula, hucheka, huenda baharini, hupanda mkarafuu na kushuka, na huku damu yake imejaa sukari kwa miaka, naye hana habari. Siku atakapojua, mara nyingi si kwa kuwa alikwenda kupimwa, bali kwa kuwa ana kidonda cha unyayoni kisichotaka kupona, au macho yake yameanza kuingia kiza.

Maradhi hayo ni kisukari, na leo twataka kuyazungumza kwa ajili ya watu wa Msuka, huko ncha ya kaskazini ya Pemba, njia ya kwendea Ras Kigomasha. Shehia za Msuka Magharibi na Msuka Mashariki ni shehia za wakulima na wavuvi. Mtu wa huko hali mshahara wa mwezi. Hula alichokitoa kwa mikono na miguu yake. Kwa mtu kama huyo, kukatwa mguu si hasara ya mguu tu. Ni chombo kukaa pwani, ni shamba kumea magugu, na ni mtoto kuacha skuli ili ashike jembe la baba yake.

Nasi twasema mapema jambo tulilokusudia kulisema. Kisukari hakitawezwa kwa vidonge peke yake, wala kwa maonyo ya dakika tano mbele ya daktari. Kitawezwa pale watu wazima wa kijiji watakapokaa pamoja, wake kwa waume, wagonjwa na wazima, wakajifunza namna ya kula chakula chao wenyewe. Na darasa hilo lisiwe la mgonjwa tu. Liwe la nyumba nzima anayoishi mgonjwa.

MARADHI HAYA NI NINI

Chakula tulacho, hasa wali, muhogo, mkate na vitu vitamu, hugeuka sukari ndani ya tumbo na kuingia katika damu. Fikiri, ndugu msomaji, kwamba damu ni bandari, na sukari ni shehena iliyoshushwa gatini. Shehena hiyo haifai kitu ikikaa gatini. Sharti ichukuliwe iingizwe maghalani, yaani katika nyama za mwili, ipate kutumika kama nguvu. Wachukuzi wa kazi hiyo ni maji yatokayo katika kiungo kiitwacho kongosho, na jina lake ni insulini.

Kuna watu, wengi wao vijana na watoto, ambao wachukuzi wao wamekwisha kabisa. Hawa hawana budi kudungwa sindano ya insulini maisha yao yote, na wakiiacha hufa. Lakini walio wengi ni wale wa aina ya pili: wachukuzi wapo, ila wamechoka, na milango ya maghala imekaza. Shehena hurundikana bandarini. Sukari iliyorundikana huharibu mishipa midogo ya macho, ya mafigo na ya nyayo, na huusogeza moyo karibu na hatari. Kwa watu hawa wa aina ya pili, kiasi na namna ya chakula kinachoshushwa gatini kila siku ni jambo kubwa mno.

Dunia imepata msaada mkubwa tangu mwaka 1921, Frederick Banting na Charles Best walipoipata insulini katika mji wa Toronto, nchini Canada. Mwaka uliofuata mtoto mmoja aliyekuwa akingoja kufa alidungwa dawa hiyo, akaishi. Ndiyo sababu Siku ya Kisukari Duniani huwekwa tarehe 14 Novemba, siku aliyozaliwa Banting. Hata hivyo maradhi yenyewe hayakupungua. Shirikisho la Kisukari la Kimataifa lilikadiria kwamba mwaka 2024 watu wazima milioni 589 walikuwa nayo, na zaidi ya wanne katika kila kumi kati yao hawakuwa wakijijua.

Asidhani mtu kwamba hayo ni mambo ya Ulaya. Mwaka 1989 Profesa Donald McLarty na wenzake walitangaza matokeo ya kupima watu wa vijiji sita vya Tanzania Bara, wakakuta wenye kisukari hawatimii hata mmoja katika kila mia. Mwaka 2012 ulifanywa uchunguzi mwingine, wa watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64, ukakuta tisa katika kila mia. Hata tukikubali kwamba vipimo na umri wa waliopimwa havikuwa sawasawa, hapana mtu mwenye akili atakayesema kwamba hakuna kilichobadilika. Kilichobadilika ni miguu yetu, iliyoacha kutembea, na vyakula vyetu, vilivyoingiwa na sukari, mafuta na unga mweupe.

SINIA MOJA, WALAJI WENGI

Sasa tumtazame mgonjwa wa kijijini. Tuseme ni mvuvi wa makamo aliyepimwa hospitali ya Micheweni au ya Wete, akaambiwa ana kisukari. Amepewa vidonge, na ameambiwa maneno mawili: "Punguza wanga." Anarudi nyumbani akiyafikiri maneno hayo njia nzima. Wanga gani? Kwa masikio ya wazee wetu, wanga ni watu watembeao usiku kwa uchawi. Hakuna aliyemweleza kwamba wanga wa daktari ni wali, ni muhogo, ni ndizi, ni majimbi, ni viazi vitamu, ni ugali, ni mkate na chapati.

Basi akiwa mtu wa bidii, huacha sukari katika chai na kujiona amekwisha kupona, kisha akala wali wa kushiba watu wawili. Mwenziwe huacha wali, akala chungu kizima cha muhogo, kwa kuwa amesikia kwamba muhogo hauna sukari. Wote wawili wamejitahidi, na wote wawili wamepotea njia. Wakirudi kupimwa, sukari imepanda. Mmoja hukata tamaa, na mwingine huanza kusema kwamba dawa za hospitali hazifai.

Tena kuna jambo ambalo vitabu vingi vya nchi za mbali havikulifikiri. Vitabu hivyo humwambia mgonjwa aigawe sahani yake: nusu mboga, robo samaki au kunde, robo wali. Maneno hayo ni mazuri na ni ya kweli. Lakini Msuka watu wengi hawali katika sahani ya peke yao. Hula katika sinia moja, mkono kwa mkono, na huo ni udugu wetu. Mgonjwa atapimaje robo yake katika sinia la watu sita? Na akitengwa kwa sahani yake na mboga zake, atajiona kama mtu aliyekwisha kuwekwa kando na jamaa zake.

Zaidi ya hayo, mgonjwa huyu hapiki. Anayepika ni mke wake, au binti yake, au dada yake. Na ikiwa mgonjwa ni mke, basi anayeshika fedha ya kununua samaki na mboga aghalabu ni mume. Kumfundisha mgonjwa peke yake, na kumwacha mpishi na mnunuzi bila ya kujua kitu, ni sawa na kumfundisha abiria kupiga makasia na kumsahau nahodha. Ndiyo maana twashikilia kwamba waalikwe wote.

MASOMO YENYEWE

Darasa tunalolitaka halina haja ya vitabu vikubwa. Vyombo vyake ni kikombe, kijiko, ngumi ya mkono na sinia.

Somo la kwanza liwe la kikombe. Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba ni bora sukari ya kuongezwa isizidi kiasi cha gramu 25 kwa siku, yaani vijiko vidogo sita, na shauri hilo ni kwa watu wazima wasio wagonjwa pia. Mwalimu aweke kikombe mezani, na kila mtu ateke vijiko anavyovitia katika chai yake ya asubuhi, ya jioni na ya msiba. Mwenye kutia vitatu na kunywa vikombe vitatu amekwisha kufikia tisa, naye bado hajagusa kashata wala halwa. Chupa moja ya kawaida ya soda peke yake ina vijiko vinane au tisa. Watu wakiona kwa macho rundo la sukari mezani, hawatahitaji hotuba.

Somo la pili liwe la ngumi. Wali, muhogo, ndizi, majimbi, shelisheli na viazi ni ndugu wa ukoo mmoja. Mtu asile watatu kwa pamoja akadhani amebadilisha. Kiasi cha ngumi yake kwa mlo ni kipimo kizuri cha kuanzia, na mhudumu wa afya atakiongeza au kukipunguza kwa kadiri ya kazi na dawa za kila mmoja. Katika sinia, wali na uteuliwe upande wake, mboga zijazwe upande mwingine, na mlaji ajue ngumi yake ni ipi. Hivyo udugu wa sinia hubaki, na kipimo hubaki.

Somo la tatu ni la mboga, kunde na samaki, na hapa ndipo Msuka ilipo tajiri kuliko miji mingi. Mchicha, matembele, kisamvu, majani ya kunde na mchunga havihitaji kuagizwa kwa meli. Kunde, chooko, mbaazi na fiwi hushibisha tumbo na kuipandisha sukari polepole. Dagaa na samaki wadogo wana faida ileile ya nguru wa bei kubwa. Wako wasemao kwamba chakula cha mwenye kisukari ni chakula cha matajiri, cha matofaa na mikate ya kahawia ya dukani. Si kweli. Unga wa mtama na mikate ya mofa walivijua bibi zetu, na viko bora kuliko andazi la unga mweupe lililozamishwa mafutani.

Tui la nazi halina sukari nyingi, lakini lina mafuta mengi. Mpishi ajifunze kutumia tui jepesi na kupunguza siku za mchuzi mzito. Chumvi nayo ipunguzwe, kwani kisukari na shindikizo la damu mara nyingi hutembea pamoja. Matunda hayakatazwi, ila yaliwe kwa kiasi na yaliwe mazima. Chungwa moja ni tunda. Gilasi ya maji ya machungwa manne ni sukari ya machungwa manne.

Somo la nne ni la hatari, wala halifai kuachwa. Mwenye kudungwa insulini, au kumeza baadhi ya vidonge, aweza kushukiwa na sukari ikawa ndogo mno, hasa akikosa kula au akifanya kazi nzito. Hutoka jasho, hutetemeka, hubabaika, na huenda wenziwe wakamdhani amelewa au amepandwa na shetani. Hapo ile sukari tuliyoilaumu hugeuka kuwa dawa: akiwa na fahamu zake, apewe vijiko vitatu vidogo ndani ya maji, na baada ya robo saa, kama hajapata nafuu, apewe tena, kisha ale chakula. Akiwa amezimia asinyweshwe kitu, bali akimbizwe hospitali. Ni mara ngapi mtu atapatwa na hali hiyo chomboni, mbali na pwani? Kwa hiyo baharia mwenziwe naye ni mwanafunzi wa darasa hili.

Somo la tano ni la miguu. Kisukari hufisha hisia za nyayo, na mtu akakanyaga mwiba au jiwe la matumbawe asisikie. Mvuvi na mama aendaye kwenye mwani wavae viatu, na kila usiku nyayo zitazamwe kwa taa. Asiyeweza kuinama atazamiwe na mtoto wake. Huko Dar es Salaam, Dk. Zulfiqarali Abbas na wenzake wameonyesha kwamba kuwafundisha wauguzi na wagonjwa utunzaji wa miguu huwaokoa wengi na msumeno wa daktari.

Na somo la sita, kabla ya Mwezi Mtukufu haujaandama, liwe la funga. Dini imempa mgonjwa ruhusa. Mwenye kutaka kufunga aonane na daktari wiki kadhaa mbele, ili dawa zake zipangwe upya, na ajue kwamba sukari ikishuka mno sharti afungue. Futari nayo isiwe karamu ya tambi, kaimati na sharubati kila usiku. Imamu na daktari wakikaa ubao mmoja siku hiyo, watu watasikia zaidi kuliko kila mmoja akisema peke yake.

JE, WATU WAZIMA WATAJIFUNZA?

Wako watakaotucheka wakisema kwamba mtu wa miaka hamsini habadili chakula chake. Tuwajibu kwa mambo yaliyotendeka. Mwaka 1986, katika mji wa Da Qing nchini China, watu 577 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda walitiwa katika uchunguzi. Wengine walifundishwa chakula, wengine mazoezi, wengine yote mawili, na wengine hawakupewa mafunzo hayo. Baada ya miaka sita, waliofundishwa chakula tu walikuwa wamepunguza hatari ya kuingia katika kisukari kwa kiasi cha asilimia 31, na wa makundi mengine ya mafunzo walipunguza zaidi. Hao hawakuwa malaika; walikuwa watu wa mji wa kazi kama sisi.

Wala hatuna haja ya kwenda China kutafuta mfano. Mwaka 1973, huko Tanzania Bara, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima karibu milioni 2 katika vikundi vya vijiji. Walisikiliza radio, walisomewa kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaondoka kwenda kuchimba vyoo. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai, iliyozungumza habari za lishe kwa njia ileile. Siri ya madarasa hayo ilikuwa moja: watu hawakuambiwa tu, bali waliulizwa, wakaamua, wakatenda kabla ya kurudi wiki ya pili. Radio ilikuwa moja kwa watu wengi. Leo simu iko karibu kila nyumba.

Hapa Visiwani chombo cha kuanzia kipo. Mpango wa Jamii ni Afya, ulioenea Zanzibar nzima mwaka 2021, una wahudumu wa kujitolea zaidi ya 2,000, wanaokwenda nyumba kwa nyumba kwa ajili ya mama na mtoto. Muhudumu anayejulikana mlangoni kwa mtoto hatakataliwa akija kwa ajili ya babu. Afundishwe, na asaidiwe, ila asibebeshwe mzigo bila ya posho wala vifaa.

YALIYO JUU YA VIONGOZI

Hapa hatuna budi kusema kweli. Darasa bila ya dawa ni maneno matupu. Mgonjwa akifundishwa vizuri, kisha akaambiwa kwamba karatasi za kupimia sukari zimekwisha, au kwamba vidonge akanunue kwa fedha asizokuwa nazo, atakuwa amedanganywa. Wenye dhamana ya afya wahakikishe kwamba vituo vilivyo karibu na watu vina kipimo na dawa za kila mwezi, ili mtu wa Msuka asipoteze siku nzima ya kazi na nauli kwa kutafuta jambo la dakika kumi.

Na sisi wenyewe tunao wajibu. Sheha atoe banda au chumba cha skuli baada ya Alasiri, saa ambayo akina mama wameweza kutoka. Wavuvi wachague siku ambayo maji hayafai. Vyama vya ushirika na matawi ya wafanyakazi yatoe mizani na chungu cha kupikia, kwani darasa la chakula lisilopika halikamiliki. Wanaume wasione haya kukaa mbele ya sufuria. Aonaye haya ya kujifunza kupika leo, kesho ataona haya zaidi ya kuongozwa njiani kwa kutoona.

Kuna na wale wauzao majani na mizizi wakiahidi kukimaliza kisukari kwa siku saba. Mchunga ni mboga njema, na mdalasini ni kiungo kizuri cha chai. Lakini atakayeacha dawa zake kwa ajili ya chupa ya sokoni, anayacheza maisha yake. Darasa liseme hivyo waziwazi, bila ya matusi na bila ya woga.

Hatuahidi miujiza. Walio wengi wataishi na kisukari hadi mwisho wa umri wao. Lakini kuishi nacho ukiwa na macho yako, miguu yako na jembe lako mkononi si sawa na kuishi nacho kitandani. Tofauti ya hayo mawili, kwa watu wengi, ni vijiko vichache, ngumi moja, viatu na kidonge kilichomezwa kwa wakati wake. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa tumeuona, na udongo wa kuuzibia uko Msuka kwenyewe. Kilichobaki ni watu kuitana.